Njano ya Mawese

Mwasiti alikuwa ndani ya mtumbwi mkuukuu usioelea tena, akikanyaga chikichi zilizochemshwa, mafuta yakimfika vifundoni, pale askari wa Mdachi aliposimama mlangoni mwa ua.

"Amahoro, mama. Hamissi mpiga kasia yuko wapi? Mtumbwi wa boma unaondoka adhuhuri kwenda Usumbura."

Hamissi, mumewe, alikuwa amelala mkekani kivulini, wiki ya tatu sasa. Mtu asiyeweza kuinua kata ya maji angepigaje kasia siku mbili? Angefia njiani.

"Iko mugonjwa, bwana. Angalia vile iko njano."

Askari aliangua kicheko, akanyoosha kidole kwenye miguu ya Mwasiti mwenyewe, mikono yake, hata shavu lake, vyote vimepakaa mafuta. "Rumonge nzima ni ya njano, mama! Msimu wa mawese huu!"

Mwasiti hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe, siku za kwanza, alimsugua mumewe kwa majivu na mchanga huku akimgombeza kwa uchafu, mpaka mgongo wa maskini ukawaka moto. Jirani yao Zena ndiye aliyemfunua Hamissi kope na kusema mawese hayaingii ndani ya macho. Zena huyo huyo aligundua kwamba nyumba tatu zenye wagonjwa zilichota maji kwenye kijito kimoja, chini ya choo cha kambi ya wapagazi. Tangu hapo Mwasiti alipanda hadi chemchemi ya juu, akanawa kwa majivu kabla ya kupika, akamwaga dawa kali za kutapisha alizokuwa akimnywesha mumewe. Hamissi alipewa uji, ndizi mbivu na usingizi.

Mwasiti alishuka mtumbwini, akamshika askari kiwiko. "Kuja. Angalia macho yangu. Sasa angalia yake."

Askari aliinama. Kicheko kilimkauka.

"Alikunywa maji ya wapi?"

"Ya kijito, chini ya kambi."

Askari alikifungua kibuyu chake, akamwaga maji yote, akaondoka bila kuaga, alama za vidole vitano vya Mwasiti zikiwa zimebaki njano kwenye shati lake.

Mwasiti alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Wema," Hamissi alimwita mkewe kutoka mkekani, "nani anakaanga ndagala?"

Mwasiti aliacha kucheka. Wiki tatu nzima harufu ya samaki ilikuwa ikimtapisha Hamissi.

"Ni Zena."

"Muombe mbili." Akafikiri kidogo. "Hapana. Tano."

Mwasiti alitoka mbio kwa furaha bila kunawa miguu, na nyayo zake za njano zikamfuata mpaka mlangoni kwa Zena.