Nafuu ya Karafuu

Mtaa mzima ulimwita Mama Karafuu, na jina hilo hakuliokota barabarani. Meza yake ya viungo ilikuwa langoni mwa soko. Mtu akipita anakohoa, kabla hajamaliza kusalimia ameshafungiwa tangawizi na mdalasini, na maelekezo juu. Tumbo limejaa gesi? Chemsha binzari nyembamba, unywe ingali moto. Kichefuchefu? Tafuna iliki, mwanangu, utanishukuru. Watu walipona, au walisema wamepona, na yeye akavimba kichwa kidogo, kama ambavyo mimi na wewe tungevimba.

Basi jino likamshika mume wake. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, pini mdomoni kutwa nzima. Siku hiyo pini zilikuwa zimechomekwa kwenye kola, na mkewe akaelewa papo hapo. Tena alifurahi, Mungu amsamehe, maana jino ndiyo ilikuwa fani yake. Akatwanga karafuu, akachanganya na mafuta kidogo, akapachika kwa pamba. Ganzi ikaingia, fundi akasema amepona.

Kesho yake mteja mmoja alikuja ameshika shavu, hataki kuamini. Mama Karafuu akapaza sauti ng'ambo ya barabara, kwenye baraza ya mafundi, amuulize mumewe jino linasemaje. Fundi akanyoosha dole gumba juu ya cherehani. Watu wakacheka, karafuu zikanunuliwa. Tangu hapo ukawa ndio mtindo: yeye anaita, dole gumba linapanda.

Halafu fundi akaanza kula uji tu, akisingizia joto. Shavu likatuna. Mkewe akalipaka manjano, akauliza, akajibiwa kuwa ni nafuu kabisa. Angefanyaje? Mgonjwa mwenyewe ndiye huyo anasema.

Asubuhi moja aliamka hawezi kufungua kinywa. Shingo ilikuwa imejaa mpaka kidevu hakionekani, na alikoroma huku macho yako wazi. Majirani wakamwingiza kwenye gari, wakakimbia naye hospitali. Daktari alisema usaha umetoka kwenye jino umeshuka shingoni, unabana njia ya hewa, lazima apasuliwe sasa hivi, na hakuahidi kitu. Akataka kujua kwa nini hawakuja wakati jino linauma. Mama Karafuu akasema halikuwa linauma, walikuwa wanatia karafuu.

"Mama, ganzi si kupona," daktari akasema, wala hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka.

Kwenye benchi la nje alimkuta fundi mwenza wa mumewe, yule wa cherehani ya pili pale barazani, amejiinamia. Huyo ndiye aliyemwambia. Mumewe alikuwa akijaza karafuu mdomoni mpaka ulimi unachubuka, akilia kimyakimya huku anashona, na alikuwa amemwapisha asiseme.

"Nilimwambia aende akang'oe. Akanijibu, nikionekana hospitali, nani tena atamwamini mke wangu?"

Mama Karafuu hakuweza kulia. Alizunguka pale mlangoni kama kuku aliyekatwa kichwa. Mtu aliyekuwa na dawa ya kila mpita njia, leo anamuuliza kila muuguzi afanye nini. Kwenye mkoba alikuwa amebeba chupa ya tangawizi ya moto, kwa mazoea tu. Ya kumpa nani, na kinywa hakifunguki?

Kitanda kikatoka kinasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Akakidaka ubavuni, akakimbia nacho, vidole vyake vinanuka karafuu mpaka mwenyewe akachukia.

"Niambie ukweli, mume wangu. Leo tu. Unajisikiaje?"

Fundi akamtazama. Akamtazama tena, kama anayepima kitambaa ambacho hakitatosha. Kisha mkono ukatoka chini ya shuka, na dole gumba likapanda.

Mama Karafuu akalishika kwa mikono yote miwili, akajaribu kulikunja lirudi chini. Likakataa, mpaka mlangoni.