Ubandule

Siku yake ya tatu kwenye karakana ya kujalidi vitabu, binti alimsikia msimamizi akifoka, "Ubandule gani huu?" Mafungu ya kurasa yalikuwa yamechanganyika mezani shaghalabaghala. Kumbe hapo vurugu zote zina jina hilo moja: gundi ikimwagika, ubandule, watu wakigombania mkasi, ubandule. Wenzake walicheka. Yeye aliinamia kazi yake, maana Bandule ni baba yake, aliyefanya kazi hapo kabla yao wote.

Alimuuliza mama anayepaka gundi, ambaye karakana nzima humwita Shangazi, neno hilo limetoka wapi.

"Nasikia kulikuwa na fundi mmoja hapa, mwanangu. Alipanga mafungu ovyo, ukitoka ukurasa wa kumi na sita unatumbukia wa arobaini na tisa. Vitabu mia tatu! Jina likabaki."

Jioni alimvaa baba yake kabla hata ya kuvua viatu. Alitaka sana akane.

"Ni kweli," baba alisema, akicheka kidogo. "Niliboronga, tena vibaya. Nikakaa wiki tatu navifumua kimoja kimoja, nikavipanga upya. Ndipo nikawaambia wachapaji wapige kistari cheusi mgongoni mwa kila fungu, kila kimoja chini kidogo ya mwenzake. Ukipanga sawa, vinashuka kama ngazi. Ngazi ikikatika, umekosea. Hilo hawakukuambia?"

Hawakumwambia. Hasira zikampanda, akalala nazo, akaamka nazo.

Asubuhi mafungu yale yalikuwa palepale. Akapiga moyo konde, akasimamisha rundo moja mbele ya wote, kidole kwenye vistari.

"Hii ngazi tunayoitegemea kila siku, nani aliileta?"

"Mimi nimeikuta," alisema Shangazi.

"Aliileta Bandule. Ni baba yangu, na yu hai."

Watu walitazamana. Msimamizi alijikuna kisogo. "Basi, dada, tusamehe. Neno lenyewe tutaliacha."

"Msiliache! Lisemeni tu. Ila atakayelisema asiondoke mezani mpaka atengeneze, kama alivyofanya mwenyewe."

Shangazi alimgeukia msimamizi. "Jana ulilisema wewe, bosi. Tena kwa sauti."

Msimamizi alilitazama lile rundo, akavuta kiti, akakunja mikono ya shati. Hadi saa sita mchana alikuwa bado anapanga, na binti kando yake akimpokeza fungu baada ya fungu.