Chuma Kwenye Njia ya Mizinga

Nina kitu chenye miguu mitatu, mmoja mbele na miwili nyuma. Kinakunywa mafuta, kinagombana na kila mlima, na mwenyewe akishuka kinamsubiri bila kununa. Ni nini hicho?

"Bibi, shika sanduku vizuri," mjukuu wangu akasema bila kugeuka. "Ni kigari changu, na kitendawili hicho nimekichoka."

Hakuwa na utulivu tangu alfajiri. Nyumbani tunamwita Nyigu kwa sababu ya mdomo wake, ingawa kazi yake ni kufuga nyuki. Miguu yake iligoma kumbeba tangu homa ya utotoni. Kigari alitengenezewa na fundi wa kuchomea vyuma, aliyeikata pikipiki nyuma akaiwekea magurudumu mawili. Gia, breki, vyote anavishika kwa mkono. Mimi hukaa nyuma na mzigo, na siku hiyo mzigo ulikuwa sanduku tupu la nyuki, nimelikumbatia kama mtoto wa watu.

Haraka yenyewe ilikuwa hii. Mzinga wake mkubwa ulijaa mpaka nyuki wakawa wananing'inia mlangoni kama ndevu. Wakifikia hapo, jua likiwaka tu wanagawanyika, na kundi kubwa linaondoka na malkia. Akiwahi na sanduku, anawapa nyumba mpya. Akichelewa, wanapotea msituni, na mzinga huo ndio uliozaa mingine yote.

"Ni leo, Bibi," alikuwa ameniambia. "Wakiniponyoka leo, sitawaona tena."

Tulipofika mwanzo wa njia ya msituni tukakuta chuma. Bomba nene limelazwa kukatiza njia na kufungwa kufuli, na pembeni yake zimesimikwa nguzo za zege zilizobanana, zinapitisha mtu na mbuzi wake, basi. Kibao kipya kinasema: MAGARI MARUFUKU. Shule ya msingi nilimaliza, kusoma najua, lakini nilikisoma mara mbili nikidhani kitabadilika.

Mlinzi wa msitu akatoka kwenye kibanda chake.

"Zima injini, dada. Chombo chochote chenye injini hakipiti. Malori ya magogo yameharibu njia, chemchemi imekuwa tope, na wanaokuja kutembea wamelalamika."

"Mimi ni lori?"

"Sijasema hivyo."

"Hii ni miguu yangu."

"Miguu haina eksozi, dada."

"Yako ingekuwa nayo, labda tungekusikia ukiyakimbiza hayo malori."

Mlinzi akacheka. Si mtu mbaya. Akasogea, akaniangalia mimi. "Bibi, nitambeba mgongoni. Mwepesi huyu. Nampeleka, namrudisha."

"Mungu akubariki, mwanangu," nikasema, na mguu mmoja nikawa nimeshautoa kushuka.

"Bibi!" Nyigu aligeuka na macho yake yalinichoma. "Nani amekuuliza wewe? Mtu anataka kuubeba mwili wangu, na wewe umeshaugawa!"

Nikaurudisha mguu. Mlinzi akaangalia viatu vyake.

"Na ukinibeba," Nyigu akamwambia, "sanduku atabeba nani? Nyuki wakikuvamia usoni, mimi utaniweka wapi?"

"Siwezi kumtupa mtu," mlinzi akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeanza kufikiria.

Nyigu akageuza kigari kwa nguvu hadi nikauma ulimi. Jua lilikuwa limeshaivuka miti.

Ofisi ya bwana misitu, mkuu wa yule mlinzi, ina ngazi mlangoni. Nyigu hakuomba msaada wa mtu. Alikaa chini ya ngazi akipiga honi mpaka kila dirisha likatoa kichwa, na bwana misitu mwenyewe akashuka na kikombe cha chai mkononi. Akatutazama wote wawili, akanichagua mimi.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa ana tatizo gani?"

"Marahaba," nikasema, na kinywani maneno yalikuwa yameshapanga foleni: homa, kigari, nyuki, kibao. Niliyasikia yakisukumana. Lakini kwenye vitendawili, aliyetegewa ndiye anayehangaika na jibu, jirani haruhusiwi kumnong'oneza. Nikafunga mdomo. Nikaanza kulifuta sanduku vumbi ambalo halikuwepo.

Bwana misitu akasubiri. Akadhani sisikii. "BIBI! NASEMA, MGONJWA..."

Nikafuta kona ya pili ya sanduku. Jasho lilinitoka kama nimepanda mlima.

"Mgonjwa hayupo hapa," Nyigu akasema. "Mwenye mizinga yupo, na ni mimi. Ile njia ni ya umma. Nimeitumia miaka yote na sijavunja hata kijiti. Kibao chenu kimewafukuza wenye malori, sawa, na mimi kimenifukuza pamoja nao. Anayetembea kwa miguu anapita. Mimi natembea kwa hiki. Niambie nipite wapi."

Yule bwana akaweka kikombe kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza aliinama akawa macho kwa macho na mjukuu wangu. "Kweli hatukukufikiria," akasema. "Nitakupa ufunguo wako mwenyewe."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nyigu hakutabasamu. "Twende nao sasa hivi. Nyuki hawana saa."

Akatufuata kwa pikipiki yake. Kufika pale, Nyigu akajinyoosha, akafungua kufuli. Kisha akashika bomba. Halikusogea. Lile bomba linainuliwa na mtu aliyesimama, tena mwenye mabega.

"Mlinzi yupo, atakuinulia," bwana misitu akasema.

"Na akienda kula?"

"Atarudi."

"Nyuki wamsubiri amalize kutafuna? Bwana misitu, njoo ukae hapa."

Nyigu akachukua magongo yake yaliyofungwa ubavuni mwa kigari, akashuka, akajisogeza pembeni. Yule bwana akaangalia huku na huku, akapanda kwenye kigari. Nyigu akamwambia miguu asahau kama anayo. Bwana misitu akavuta. Bomba likapanda kidogo, likateleza na kuanguka kwa kishindo, kofia yake nayo chini. Mlinzi akageuka haraka kutazama ndege.

"Geti hili nililichora mimi, mezani," bwana misitu akasema taratibu. Akashuka. "Ng'oa ile nguzo ya pembeni."

"Mkuu, lori litapita."

"Penye upana wa kigari lori linapita wapi? Lete sururu."

Nyigu akawapimia kwa kamba upana wa magurudumu ya nyuma. Wakachimba wote wawili, mkuu na mlinzi, mashati yamelowa. Zege lilikuwa bichi bado lakini lilishika ardhi kama kupe. Nyigu hakuweza kutulia. Anawasha injini, anazima, anatazama jua, anawasha tena.

"Chimbeni basi! Mnang'oa nguzo au mnazika mtu?"

"Dada, mikono ni miwili tu!"

Nguzo ikalala. Nikapanda nyuma na sanduku langu.

"Shuka, Bibi."

"Nishuke niende wapi?"

"Huko juu kuna tope, halibebi wawili. Funga sanduku kwa kamba, unisubiri."

Nikafunga. Akapita, magurudumu yakigusa kingo za shimo, akapotea kwenye miti. Nikakaa kwenye jiwe, nikasimama, nikakaa. Injini ikasikika mbali, kisha ikanyamaza.

"Amekwama," mlinzi akasema. "Nimkimbilie, bibi?"

Najua injini huzimwa kabla ya mizinga, nyuki hawapendi moshi wa mafuta. Najua, lakini moyo haujui. Nikamwona amelala topeni, nikamwona amefunikwa na nyuki. Mlinzi alikuwa ameshakunja suruali.

"Hajaita," nikasema. "Kaa."

Akakaa. Mimi sikuweza. Nilizunguka lile jiwe mpaka bwana misitu akaniomba nipumzike, eti nampa kizunguzungu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka tuliposikia injini. Nyigu alitokea bila sanduku, tope hadi mabegani, mdomo wa juu umevimba kama andazi.

"Wametoka mbele ya macho yangu," akasema, maneno yakigongana na uvimbe. "Wametua kwenye tawi la chini. Nimewakung'utia sandukuni, malkia ndani. Wametulia. Nitaenda kuwaangalia kesho."

Nilitaka kumuuliza alifikaje kwenye tawi, alishikilia nini, alianguka mara ngapi. Nikameza. Nikampa chupa ya maji. Akanywa yote, hata tone hakunibakishia.