Kufuli la Tangi la Newala

Mwalimu Walter alipojenga nyumba ya kupangisha kule juu mlimani Newala, mwaka wa hamsini na nne, alijiona amehitimu kazi ya mwenye nyumba. Binamu yake Basil, aliyekuwa na vyumba Lindi, alimpa shauri moja: kila kinachofungika kifunge, maana mpangaji hana uchungu na mali ya mtu. Walter akalishika kama katekisimu. Akaezeka bati, akatega mfereji chini ya paa, akajenga tangi la saruji la kukingia mvua, akalipiga kufuli na kuondoka na ufunguo. Maji yale yangemfyatulia matofali ya nyumba ya pili.

Mtu wa Masasi, msameheni. Kisima kilikuwa nyuma ya jiko lao tangu azaliwe.

Wapangaji wake walikuwa Ambrosi, fundi cherehani, na mkewe Yuliana. Walter aliwapenda. Walifagia uwanja, walilipa kodi bila kufuatwa, na moshi wa jiko lao uliwafukuza mchwa kwenye boriti. Nyumba tupu huko juu haimalizi masika mawili. Alitaka wakae miaka, na hakuficha.

Kiangazi akapanda lori kwenda kusimamia matofali. Akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ambrosi alikuwa sokoni na cherehani yake; Yuliana, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, akampokea mlangoni.

"Shikamoo, Baba Emilia."

"Marahaba, Mama Petro. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Akampa maji ya kunywa, akamtengea ndoo ya kuoga uani. Walter akaoga huku akiimba, akajimwagia yote, na alipotoka akaomba kata moja zaidi asafishe viatu. Mwalimu mzima, viatu.

Yuliana akainamisha mtungi, yakatoka matone. "Yamekwisha, Baba. Nitashuka tena alfajiri."

"Utashuka wapi?"

"Bondeni, kwenye chemchemi."

Njiani Walter alikuwa amewaona wanawake wakipanda mteremko na mitungi kichwani, hata akawapungia mkono kutoka kwenye lori. Sasa alitazama tumbo la mama huyu, kisha tangi lake lililojaa, na akaona aibu ambayo hajapata kuiona. Alikuwa bado amelowa maji ya kuoga, na alitamani angeweza kuyarudisha kwenye ndoo.

"Kwa nini hamkuniomba ufunguo?"

"Ulisema tangi ni la mwenye nyumba. Huku kwetu anayelala chini ya bati ndiye anayekunywa maji ya bati hilo, kila mtu anajua. Tukadhani umetunyima makusudi. Basi tukaona haya kuomba."

Walter akafungua kufuli. Akajaza mtungi, ndoo, sufuria, mpaka karai la kunawia. Kisha akampa Yuliana ufunguo kwa mikono miwili, yeye mkubwa kwa mdogo.

"Matofali yasubiri. Nimekosa, mama. Nawaomba mkae."

Yuliana akaupokea, akautazama, akamrudishia taratibu. "Asante, Baba Emilia. Ila Ambrosi ameshatupatia chumba kwa jirani, Bibi Kibibi. Tunahama Jumamosi."

"Kwa Kibibi? Kwenye nyumba ya nyasi? Hana hata pipa la kukingia mvua."

"Hana. Anashuka bondeni mwenyewe. Amesema tutashuka pamoja, na mpaka nijifungue, mtungi wangu atanibebea yeye."