Hatua Aliyoimeza Llovizna

Farasi wa huku La Ceja, mji wetu wa milimani, hatazamwi, husikilizwa. Wageni hukodolea macho mkia na shingo, wakapiga picha weee, kumbe mambo yote yako chini, kwenye ubao. Ubao wenyewe ni njia ya mbao, hatua ishirini hivi, iliyotandikwa juu ya shimo tupu ili ilie kama ngoma. Farasi akipita juu yake, kila mguu lazima uguse peke yake, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi zilezile, upesi lakini bila kwenda mbali. Taka-taka-taka-taka. Mpandaji ametulia tuli, hata ukimpa kikombe cha kahawa hakimwagiki. Jaji anafumba macho na uwanja mzima unanyamaza.

Don Gildardo Echeverri, mwenye shamba, alikuwa na ubao wake nyuma ya banda la farasi. Kila asubuhi alikaa kando yake, kofia usoni, akinywa maji ya moto ya sukari guru na kusikiliza. Jumatatu ile Luz Dary Quiceno, mpandaji wake, alimpitisha farasi Llovizna mara tatu, na mzee hakuinua hata kofia.

"Anameza moja," alisema.

"Nimesikia, don Gildardo."

"Mguu wa nyuma, kulia. Taka-taka-taka, halafu kimya. Fundi wa kwato kasemaje?"

"Kwato nzima."

"Na daktari?"

"Kambinya kila mahali. Eti labda ananuna."

"Farasi wangu hanuni." Mzee akanywa funda moja. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi ni maonyesho. Akimeza mbele ya jaji, ataandikwa kasoro kwenye kitabu chake cha usajili, na kasoro ya kitabuni haifutiki. Mimi farasi mwenye kasoro simtaki. Nitakupa wewe, umbebeshe madebe ya maziwa."

Alisema kwa ukali, lakini Luz Dary alishuka huku neno "nitakupa" likimzungukazunguka kichwani. Alijikemea. Llovizna, yaani manyunyu, hakuzaliwa kubeba maziwa. Alimpokea akiwa na miaka mitatu, mwoga wa kila kitu, hata wa kivuli cha ndoo, na miaka minne walikuwa wamefundishana. Huo ndio ukweli, maana nani alimfundisha nani, hata yeye mwenyewe hakuweza kusema.

Asubuhi walipanda kilima katikati ya mashamba ya hortensia, maua ya buluu hadi magotini. Ukungu wa La Ceja hauna adabu, unaingia hata mikononi mwa koti. Mahali fulani pa kupandia, masikio ya farasi yalipotea, kisha shingo, kisha hatamu na mikono iliyozishika, ikabaki sauti ya kwato kwenye udongo na joto chini ya mapaja. Hapo Luz Dary alisahau anaishia wapi. Akiwaza kwenda kushoto, wanakwenda kushoto. Akiwaza kusimama, wamekwisha kusimama, na maua yanadondosha maji polepole pande zote mbili, na hakuna mtu duniani. Siku nyingine aliota ana miguu minne. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimlalamikia wakati wa kunywa chai kwamba ameanza tena kugonga ukuta kwa vidole usingizini, na kwamba heri angegonga kitu cha maana.

Sasa tangu Pasaka, hatua moja ilikuwa imetoweka kwenye mlio wao, na hakuna aliyejua imekwenda wapi.

Alhamisi don Gildardo alishuka Medellín kwa shughuli zake. Luz Dary akameza kiburi chake, na kilikuwa kikubwa, akampigia simu Wílmar Ocampo, mshindani wake wa siku zote, mtu mwenye tepe za ushindi ukuta mzima na masharubu anayoyachana kuliko nywele.

"Malkia mwenyewe kaniita!" Wílmar alisema akifunga geti. "Leo mvua itanyesha kwenda juu."

"Panda, uniambie ana nini. Na domo lako lifunge."

Wílmar akapanda. Llovizna aliingia kwenye ubao, na mlio ukatoka mzima, wa kwanza hadi wa mwisho, kwenda na kurudi. Luz Dary aliushika uzio kwa mikono miwili. Wivu ulimpanda mpaka machozi yakamlenga. Alitamani farasi ajikwae, kisha akajichukia kwa kutamani hivyo.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Nimekaa tu, kama gunia." Wílmar hakucheka. Alimtazama, akatazama ubao. "Hebu kaniletee maji pale bombani."

Luz Dary akakata njia kupitia ubaoni, kama wote walivyofanya pale shambani. Nyuma yake Wílmar alifumba macho. Huo ni ugonjwa wetu watu wa huku, tukisikia mbao zinalia tunafumba macho.

"Rudi," alisema. "Pita tena."

"Mimi si farasi wako."

"Pita, Luz Dary."

Akapita, polepole, kwa mabuti yake. Tak, ta. Tak, ta. Safari hii akajisikia mwenyewe, akasimama katikati ya njia.

"Mguu gani unaumeza?" Wílmar aliuliza kwa upole.

"Wa kulia."

"Ile nyonga ya Pasaka, dume changa la farasi lilipokubamiza kwenye geti. Si ulisema imepona?"

"Imepona."

"Ubao umekataa." Akashuka, akamkabidhi hatamu. "Huyu hana kasoro, dada yangu. Akikanyaga nyuma kulia, mtikisiko unakupiga palepale panapouma. Kajua. Kwa hiyo mguu ule anautua taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Anakubeba wewe, ubao haumhusu."

Luz Dary akaweka paji la uso kwenye shingo ya Llovizna. Aibu na furaha vilimjia pamoja, akashindwa kuvitenganisha. Miezi mitatu alikuwa amewadanganya mama yake, don Gildardo, hata kioo cha chumbani, maana mpandaji mwenye nyonga mbovu hupewa ufagio. Mmoja tu hakudanganyika, na yule mmoja hakumsemea kwa mtu.

"Nitamwambia nini mzee?"

"Ukimwambia, atanipa mimi nimpande, na mimi sitakataa, nisikudanganye. Usipomwambia, jaji ataandika kasoro, na mzee atakutupia wewe. Siri yako, mimi si redio." Akaondoka bila kunywa maji.

Ijumaa nzima Luz Dary aliishi ndani ya wazo hilo kama ndani ya ukungu. Kunyamaza tu, basi. Llovizna angekuwa wake, wangepanda kilima kila asubuhi mpaka wazeeke, na hakuna jaji angewafuata kule juu kwenye hortensia. Madebe ya maziwa si mazito. Lilikuwa wazo tamu, na utamu wake ndio uliomtisha.

Jumamosi alichoma sindano ya kutuliza maumivu na kuingia uwanjani akiwa hasikii nyonga kabisa. Pengine, alijiambia, leo hatanihurumia. Watu wakanyamaza, jaji wa kutoka Manizales akafumba macho, Llovizna akapanda ubaoni. Lakini farasi hana habari za sindano. Taka-taka-taka, na pale pa nne, ule mguu ukatua kimya, kwa uangalifu uleule.

Jaji akainua kidole wapite tena. Wakapita tena, ikamezwa tena. Upande wa wenye mashamba don Gildardo alikuwa ameshusha kofia usoni. Jaji akachomoa kalamu mfukoni, akafungua kitabu cha Llovizna juu ya goti.

Luz Dary alihesabu vitu vilivyobaki kati yake na kile kilima, na vilikuwa viwili tu, kalamu na mdomo wake. Chini yake Llovizna alisimama akisubiri, sikio moja limegeukia nyuma, kwake.

"Bwana jaji," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka vitini. "Usiandike. Siyo yeye, ni mimi. Nyonga yangu mbovu tangu Pasaka, nimewaficha wote. Panda mwenyewe usikie."

Majaji wa huku wana haki hiyo. Jaji akarudisha kalamu mfukoni, akavua koti, akampa mtu ashike. Luz Dary alishuka vibaya, akachechemea mbele ya watu wote hadi kwenye uzio, bila kujificha. Don Gildardo alikuwa amekwisha kusimama pale.

"Tangu Pasaka," alisema. "Na yeye alijua?"

"Alijua kabla yangu, don Gildardo."

Mzee akavua kofia. "Jumatatu Wílmar aje ampande," alisema, si kwa ukali. "Nisamehe, mwanangu."

Luz Dary akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake jaji alikuwa amemwingiza Llovizna kwenye ubao. Naye Luz Dary akafumba macho kama watu wote. Taka-taka-taka-taka, taka-taka-taka-taka, mbao zikalia mwanzo hadi mwisho, mlio mzuri kuliko wowote aliowahi kuusikia. Watu wakalipuka kwa makofi na kurusha kofia juu, na Luz Dary akalia pale uzioni, kwa sababu haikukosekana hata hatua moja.