Njia ya Kumtoa Mama

Mvua ilipokoma na kukapambazuka, Nasriya alifungua mlango wa mbele asiione njia yake. Njia ile ndefu, iliyotoka langoni hadi barabara ya lami ya kijiji cha Yiti, pwani ya Oman, ilikuwa imezikwa. Wadi, ule mto mkavu unaopita nyuma ya mitende, ulikuwa umeshuka kutoka milimani kwa kishindo, ukavunja ukuta wa mawe na kumwaga kila ulichokibeba: mchanga, changarawe, makuti, mbuzi wa watu. Tope lilikuwa limetanda rangi moja kila upande, na jua lilikuwa bado halijatoka.

Chumbani, mama yake, Bi Masouda, alikuwa akivuta pumzi kwa taabu. Mapafu yake yalichoka zamani. Aliishi kwa mashine ya oksijeni, na umeme ulikuwa umekatika. Sasa kilichomshikilia ni mtungi wa akiba, na mshale wake ulikuwa unazidi kushuka. Namagembe, binti wa Kiganda aliyemtunza bibi tangu alipofika Oman, alikuwa amemwegemeza kifuani pake ili apate kupumua.

Simu ililia. Alikuwa Wael, mdogo wake Nasriya.

"Gari la hospitali nnalo hapa barabarani, dada, lakini haliwezi kuingia. Muuguzi mmoja kajaribu kuja kwa miguu, kazama mpaka mapajani. Tumemtoa kwa kamba. Helikopta zote ziko kwa watu waliokwama juu ya mapaa, na katapila wanasema liko Qantab, haijulikani litamaliza lini."

"Basi ntakuja mie."

"Utakuja na nini?"

"Na trekta la Hatem."

Ndugu hawa walikuwa hawazungumzi vizuri tangu Idi iliyopita. Wael alitaka mama ahamie kwake mjini, karibu na hospitali. Nasriya alikataa, akisema mama mwenyewe hataki kuiacha nyumba yake. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Tangu mumewe Hatem afariki, Nasriya aliogopa kubaki peke yake na kuta. Siku ile ya Idi, Wael aliinuka kwenye chakula akasema, "Wadi ukishuka, utamtoaje?" Nasriya alimjibu kwamba wadi hushuka kila mwaka na nyumba bado imesimama.

Trekta lilikuwa dogo, lina beleshi pana mbele. Hatem alilipata Rusayl kwa mtu aliyeleta mashine kuukuu kutoka nchi za baridi. Kwenye kitabu chake cha maelekezo kulikuwa na picha ya mzungu mwenye kofia ya sufu akisukuma theluji mlangoni pake, na Hatem alicheka sana. "Sie tutasukumia mchanga," alisema. Nasriya aliliendesha mara chache tu, Hatem akitembea kando na kumpigia kelele.

Alikunja baibui, akalifunga kiunoni, akavaa mabuti ya marehemu. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikawaka.

Pigo la kwanza lilikuwa la pupa. Alilishusha beleshi hadi chini na kusukuma kwa nguvu zote. Tope likajikusanya mbele yake kama ukuta, magurudumu yakazunguka bure na trekta likaanza kulala upande. Alirudi nyuma taratibu. Theluji ya yule mzungu labda husukumika, aliwaza, lakini hili linanata kama ugali. Basi akawa analimega juujuu, kidogo kidogo, analibeba hadi upande wa bondeni, analimwaga, anarudi. Beleshi lilipogusa saruji lilikwaruza, na sauti ile mbaya ikawa ndiyo furaha yake pekee, maana ilimwambia kwamba njia bado ipo.

Alikwenda hivyo, mbele na nyuma. Mikono iliingia ganzi kwa mtetemo. Mahali pamoja beleshi lilinyanyua mbuzi wa jirani, macho wazi, kengele bado shingoni. Nasriya aligeuza uso, akamwaga, akaendelea. Mbali kidogo lilijikita kwenye shina la mtende lililolala chini ya tope, na ikabidi ashuke, azame magotini, alifunge mnyororo alivute pembeni. Alipopanda tena alikuwa analia, wala hakuwa na wakati wa kujifuta.

Sasa aliwaona watu upande wa pili. Wael na wanaume wa kijijini walikuwa wakichimba kwa masepetu kuja kwake, na nyuma yao taa za gari la hospitali zilikuwa zikizunguka.

"Bado kidogo, dada!" Wael alipaza sauti. "Bado kidogo!"

Hapo ndipo alipohisi mtu nyuma yake. Namagembe alikuwa anakuja mbio kwenye njia iliyosafishwa, miguu mitupu, gauni limerowa. Nasriya alizima injini.

"Nani yuko na mama?"

Namagembe alisimama.

"Madamu, pole. Bibi amelala kabisa. Oksijeni iliisha, nikamshika, nikamwambia madamu yuko njiani anatoa matope. Alikuwa anasikia hiyo trekta. Alifinya mkono wangu, halafu akaachilia."

Nasriya alitazama usukani. Hakupiga ukelele. Alisema lile neno la waliofiwa, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Rudi, Namagembe. Asibaki peke yake. Mfumbe macho, umnyooshe miguu, umfunike ile shuka nyeupe."

"Na wewe madamu?"

"Mie bado sijafika."

Akaiwasha injini. Upande wa pili walishangaa kumwona akiendelea vilevile, hapunguzi mwendo wala haongezi, anamega, anabeba, anamwaga. Beleshi lilipofungua kipande cha mwisho, Wael aliruka juu ya tope lililobaki na kulishika trekta kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia farasi.

"Vipi hali yake?"

"Waambie wa hospitali wasihangaike," alisema Nasriya. "Kamwite Bwana Mahfoudh wa msikitini, alete jeneza. Njia ya kumtoa mama ipo."

Wael alimwangalia. Nasriya alikuwa amejikaza kulisubiri lile neno la Idi. Alilistahili, na alitaka litoke liishe. Lakini Wael aliinama tu, akaweka paji la uso kwenye chuma chenye matope, na mabega yake yakatikisika.

Wanawake walimwosha mama kwa maji ya mapipa, na alasiri wanaume wakambeba mabegani kwenye njia ile, wakiteleza na kushikana. Nasriya alibaki mlangoni na Namagembe mpaka walipopotea kwenye lami.

Msiba ulipoanuliwa na wageni kuondoka, Wael alibaki kibarazani. Ndipo Nasriya aliposhindwa kuvumilia.

"Mbona huniambii? Ulinambia wadi ukishuka ntamtoaje. Sema basi."

Wael alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama alinipigia simu baada ya Idi," alisema. "Kanambia nisikusumbue tena. Kanambia, akiondoka yeye hapa, wewe utakufa kwa upweke. Kuliko hivyo, kheri yeye afie kitandani kwake."

"Kasema hivyo kweli?"

"Kasema."

Nasriya alimchunguza usoni. Wael tangu utotoni hakujua kusema uongo bila ya kukwepesha macho, na sasa alikuwa ametazama kwenye mitende, wala haikujulikana anaficha uongo au machozi. Nasriya hakumuuliza mara ya pili. Alimmiminia kahawa, akamsogezea sahani ya tende.

Kabla ya mwezi kwisha, Nasriya alihamia mjini kwa Wael pamoja na Namagembe. Nyumba ya Yiti ilifungwa. Tope alilolimwaga bondeni lilikauka likawa kilima kigumu, na watoto wa jirani wakawa wanachungia mbuzi juu yake.