Kilima Ndani ya Jicho

"Weka kidevu hapa, mama. Tazama ule msalaba wa kijani. Usipepese."

Usipepese! Anneth, binti wa mashine ya kupima macho, kwake ni rahisi kusema. Mimi kichwa kimebanwa kama mbuzi anayesubiri kisu, chozi linanitiririka. Jicho la kushoto kisukari kilishalizima mwaka juzi. Nimebaki na hili la kulia, nalo walilichoma leza ili uvimbe wa nyuma ya jicho ushuke. Siku hiyo walikuwa wanapima kama umeshuka.

Daktari akanionyesha picha kwenye kompyuta. "Jicho lisilo na ugonjwa huwa na kibonde hapa katikati. Kwako ni kilima, na kimekua kuliko mara ile."

"Kimekua? Yesu na Maria! Na leza mliyonichoma?"

"Leza peke yake haitoshi, mama Odeta. Sukari yako iko juu mno. Unatumia nini?"

Nikawaka. Sukari nimeiacha, hata chai nakunywa chungu! Nakunywa umutobe tu, maji ya ndizi mbivu kabla hayajachacha, maana kwetu Kanazi aliyechomwa lazima apozwe.

Daktari akashika kichwa. "Huo nao ni sukari tupu. Ukiendelea, na hili litazima."

Njia nzima nilimfokea mume wangu, Projestus, utadhani ndiye aliyezikamua zile ndizi.

Nyumbani majirani walishajaa sebuleni kunipa pole. Katikati yao ameketi mama mkwe wangu, Eustakia, na kibuyu chake cha umutobe. Kwetu mwenye kibuyu huonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha hakina sumu. Akishaonja akakupa, unakunywa. Ukikataa, umemwita mchawi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta mrija, akameza, akaninyooshea.

"Mama, daktari amekataza."

Sebule nzima ikanigeukia.

"Daktari ameona natia nini humu?"

"Si hivyo, mama. Ni utamu wake."

"Siku zote ulikuwa mtamu hivyohivyo, na ulikunywa. Leo huko wamekuambia nini juu yangu?"

Sauti ilimtetemeka. Alipofiwa na mkwe wake wa kwanza, watu walinong'ona kwamba ndiye aliyemtilia sumu, mpaka akaona haya kwenda kanisani. Walewale walionong'ona ndio waliokuwa wamejaa hapo, wengine wamesimama mlangoni. Nilimpenda yule bibi, na nilitamani kumpiga. Nikamtazama Projestus anisemee. Akakohoa tu.

Nikanywa. Mtamu kweli, jamani, hata kwa hasira ile. Watu wakapiga makofi, kibuyu cha pili kikafunguliwa.

Projestus akaniinamia. "Umeona mama alivyofurahi?"

Nikamgeukia Eustakia. Niliona kitenge chake, nikaona mikono na kibuyu magotini. Pale uso wake ulipotakiwa kuwa, palikuwa na doa la kijivu.

"Nimeona," nikasema.